Vyungu vya mrututu vimetuliza mita

Hatimaye namba imesimama! Tangu nianze kupima ukinzani wa ardhi, yaani jinsi udongo unavyozuia umeme kupita, huku Mwariki, upande wa Ziwa Nakuru, nimesumbuliwa na mita isiyotulia. Kabla hata sijawasha mkondo, kati ya fito nne za chuma nilizochomeka kwa mstari, mbili za katikati zinasoma milivolti kadhaa, mara zinapanda, mara zinashuka. Na ninachotafuta chenyewe ni kidogo. Kwa mpangilio wa Wenner, yaani fito nne za umbali sawa, za nje zikipitisha mkondo na za katikati zikipima volti, fito zikiachana mita 10, nikipitisha miliampea 100 napata milivolti 5. Hiyo ni omu 0.05, zidisha kwa 2π na kwa 10, unapata omu-mita 3 na ushee. Sasa fito ikijitungia milivolti 4 zake yenyewe, umepima nini? Kugeuza mwelekeo wa mkondo kila baada ya sekunde chache kulisaidia, lakini chuma kikishakutana na udongo wa chumvichumvi hakikai kimya. Inachosha, jamani.

Dawa imekuwa mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, kutoka duka la pembejeo. Vyungu viwili vidogo visivyong'arishwa, ndani maji yaliyokolea mrututu mpaka chembe za buluu zinabaki chini bila kuyeyuka, kisha waya mnene wa shaba uliosuguliwa kwa msasa. Chungu kinatoa unyevu polepole, kinashikana na udongo vizuri. Fito za chuma sasa ni za kupitishia mkondo tu. Tofauti kati ya vyungu hivyo haifiki milivolti moja, na haihami. Anayefikiria kununua mita ya bei kali aanze na vyungu. Mita haitibu fito mbaya.

Nilikuwa nimepanga kuvuta mstari wa vipimo kutoka ukingo wa ziwa kupanda juu. Sijauvuta, kwa sababu mita ilipotulia niliona kitu: nikikata mkondo, volti haizimiki sawa kila mahali. Ukinzani mdogo kama omu-mita 3 unaweza kuwa maji ya chumvi, unaweza kuwa mfinyanzi. Hata Pwani, wanaofuatilia maji ya bahari yanayopenya kwenye visima hukwama hapohapo. Lakini udongo wenye mfinyanzi hushika chaji ukaiachia polepole, na mchanga uliojaa maji ya chumvi karibu haushiki kitu.

Karibu na ziwa volti iliporomoka papo hapo. Juu zaidi, ukinzani karibu uleule, ilizima kwa kujivuta. Mama mwenye shamba la chini hakushangaa: "Mwanangu, kisima hiki kina magadi. Maharagwe yanaiva upesi, lakini sukuma zinaungua."

Mstari utasubiri. Sasa naunganisha rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kukata mkondo, na kila usomaji utakuwa wastani wa milisekunde 20, mzunguko mmoja kamili wa umeme wa hezi 50, ili kelele za nyaya za stima zilizopita juu ya shamba zijifute zenyewe.