Sahani ilibaki nyeupe: nilivyopima IL-6 kwenye maji ya uti wa mgongo, Lubumbashi

Waliosema sampuli zimeoza kwa sababu umeme ulikatika walikosea. Tungewasikiliza, tungemwaga maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa ambao hakuna mtu angekubali kuwachoma sindano mara ya pili. Bado inaniuma, ndiyo maana nawaandikia wenzangu wa laboratwari mnaotaka kupima sitokini, zile molekuli ambazo chembe za kinga hupashana habari kwazo, pale kinga inaposhambulia ubongo wa mwenyewe.

Nilipima intaleukini-6 (IL-6), mojawapo ya sitokini hizo, kwa ELISA, kipimo kinachoonyesha protini kwa rangi ndani ya vishimo vidogo vya sahani ya plastiki. Mwishoni streptavidini, protini inayojishika kwenye kingamwili ya kipimo, ikibeba kimeng'enya cha peroksidasi, hukaa ndani ya vishimo, unaongeza TMB, kemikali ya rangi, inageuka buluu, unasimamisha kwa asidi ya salfuriki, unasoma kwenye nanometa 450. Sahani yangu haikugeuka. Vishimo vyote 96 vilikuwa vyeupe, na seti moja ni mamia ya dola.

Kila mtu akaelekeza kidole kwenye friji ya nyuzi -80 tunamohifadhi sampuli. Lakini standadi, yaani vimiminika vyenye kiasi cha IL-6 kinachojulikana, nazo zilikuwa nyeupe! Standadi hazikutoka kwa mgonjwa, na chupa yake ilifunguliwa asubuhi ileile. Standadi kali kuliko zote isipogeuka rangi, waacheni mgonjwa na friji. Kosa liko kwenye kipimo chenyewe: anzeni na kimeng'enya, TMB au bafa, yaani maji ya chumvi ya kuoshea vishimo.

Nikachukua mirija midogo mitatu. Wa kwanza: TMB mikrolita 100 peke yake, ikabaki bila rangi, kwa hiyo haikuwa imechafuka. Wa pili: TMB kiasi hichohicho na mikrolita 1 ya streptavidini-peroksidasi, buluu papo hapo, kwa hiyo vyote viwili ni vizima. Wa tatu: kimeng'enya kilekile nilikiloweka kwanza dakika 5 kwenye bafa yetu ya kuoshea, ndipo nikatia TMB. Hakuna rangi. Nikarudia kwa bafa mpya, buluu ikarudi. Jaribio zima lilikula robo saa na matone machache, na lilitosha kumaliza mabishano ya wiki nzima.

Bafa ile ilikuwa na azidi ya sodiamu asilimia 0.1, tuliyoshauriwa kuweka ili isiote ukungu. Azidi hushika chuma kilicho katikati ya peroksidasi na kuizima. Ingekuwa ndani ya sampuli tu, ingeondoka wakati wa kuosha kabla kimeng'enya hakijaingia. Ikiwa ndani ya bafa, ndiyo inayogusa kimeng'enya mara ya mwisho. Tena msiimwage kwenye sinki: ikikutana na mabomba ya shaba au risasi hutengeneza kitu kinacholipuka, na ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya sumu. Tuliifungia kwenye chupa yake, mbali na taka za asidi.

Sasa natengeneza bafa kidogo kidogo: kwa lita moja, NaCl gramu 8, KCl 0.2, Na2HPO4 1.44, KH2PO4 0.24, pH 7.4, na Tween 20 (sabuni laini) mililita 0.5. Inakaa kwenye baridi, ikipita wiki naitupa. Oktoba, joto la hapa linapopanda, vishimo vya pembeni hukauka na kusoma juu kuliko vya katikati; funikeni sahani vizuri na msiweke standadi zote ukingoni.

Sampuli yenyewe iingie kwenye sentrifuji ndani ya saa moja, 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano wa dunia) kwa dakika 10, kwa sababu chembe zikibaki huendelea kutoa sitokini au hupasuka zikigandishwa. Mirija iwe ya polipropilini; polistirini hunasa protini. Gawanyeni katika sehemu ndogo ili hakuna inayoyeyushwa mara mbili. Chembe nyekundu zikizidi 500 kwa mikrolita naiweka kando, maana hapo unaweza kuwa unapima damu. Seramu, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe, ya siku ileile ni lazima. Bila hiyo huwezi kujua kama IL-6 imetoka ubongoni au imevuja kutoka damuni.

Kwenye jibu kwa daktari naandika wazi kwamba IL-6 hupanda pia katika homa ya uti wa mgongo ya bakteria, hivyo haichukui nafasi ya kutafuta kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA au akwaporini-4, protini za ubongo ambazo kinga huzishambulia. Katika ugonjwa wa akwaporini-4, IL-6 husaidia chembe zinazotengeneza kingamwili kuishi, na dawa ya satralizumab, inayoziba kipokezi cha IL-6, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Lakini kuziba sitokini kwa sababu tu imepanda kunaweza kuwa hatari: dawa ya lenercept ilizuia TNF, sitokini nyingine, kwa wagonjwa wa sklerosisi ya madoa mengi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo, na matokeo ya 1999 yalionyesha mashambulizi yameongezeka. Kwa hiyo namba ya IL-6 haitoki mezani kwangu bila hesabu ya chembe na seramu pembeni yake.