Daftari la Kilio

Baba alifariki Februari 2007, alfajiri, kitandani kwake, hapa Lubumbashi. Mvua ilikuwa haijakatika tangu jioni. Jua lilipotoka majirani walikuwa wamekwisha kutoa viti vyetu nje na kutandika mikeka ndani kwa ajili ya akina mama, na wanaume wamewasha moto chini ya turubai. Anayejua kilio cha Lubumbashi anajua jinsi watu wanavyoibeba nyumba iliyofiwa. Huyu anakwenda kutafuta jeneza, yule anasimamia sufuria za bukari, yaani ugali, mwingine anaongoza vijana makaburini. Na kuna mmoja anayepewa daftari.

Kwetu alipewa Mzee wa nyumba ya mkabala, aliyefanya kazi na Baba kwenye tanuru ya kuyeyusha shaba, chini ya lile bomba refu la moshi linaloonekana toka kila pembe ya mji. Siku tatu alikaa kwenye meza ndogo karibu na mlango, miwani yake imefungwa kwa uzi, akiandika kila aliyeingia na alichokuja nacho. Sikumtilia maanani. Nilikuwa na miaka 24, mimi na pacha wangu ndio wakubwa wa nyumba, na akili yangu haikuwepo.

Baba mdogo alikimbizana na karatasi. Alileta kibali cha kuzika chenye mhuri, tukazika, kisha Mama akakitia katikati ya Biblia. Tuliamini kwamba kwa upande wa serikali tumemaliza.

Mwezi wa tano Mama alikwenda kuuliza pensheni ya mjane. Wakamwomba akti ya kifo. Akatoa kile kibali. Wakamrudisha, tena kwa upole, wakamwambia aende komini, ofisi ya serikali ya eneo letu.

Huko komini nilimsindikiza mimi. Karani alikitazama kibali pande zote mbili, akakisukuma taratibu juu ya meza.

"Mama, hii ni ruhusa ya kuzika tu. Akti ni kitu kingine."

Alitueleza, nami nayaandika hapa kwa sababu najua nyumba nyingi zilizoanguka kwenye shimo hilohilo. Karatasi ni tatu. Daktari anatoa cheti kinachosema mtu huyu amekufa. Kibali kinakuruhusu kumzika. Akti inaandikwa na ofisa wa hali ya raia kwenye kitabu kikubwa cha komini, na hiyo ndiyo pekee inayomtoa marehemu kwenye orodha ya walio hai. Wakati ule familia ilitakiwa kwenda kutangaza kifo ndani ya siku 30. Sisi tulikuwa na miezi mitatu. Ofisa haruhusiwi tena kuandika kwa maneno yetu matupu, lazima kwanza tupate hukumu ya mahakama ya amani inayoshika nafasi ya tangazo. Watu wanaiita supuletifu.

Mama aliuliza swali moja. "Kwa hiyo kwenu bado ni mzima?"

Karani aliinamisha kichwa. "Kwenye kitabu, ndiyo, Mama."

Tulipotoka nje kijana mmoja alitufuata hadi kwenye mti. Alisema anaweza kututengenezea akti kufikia kesho jioni, yenye tarehe ya Februari, bila mahakama wala mashahidi. Bei aliyotaja haikuwa kubwa kuliko nauli na ada zilizokuwa zikitungoja. Nakiri moyo wangu uliyumba. Mama hakusimama hata kumsikiliza amalize. Tukiwa ndani ya basi, tumepita soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, ndipo aliponiambia: "Baba yenu alikufa kweli. Sitamwandikia karatasi ya uongo."

Kulikuwa na tatizo la pili, la jina. Baba aliajiriwa akiwa kijana, na kitabu chake cha kazi kilikuwa na jina la ubatizo mbele ya jina la ukoo. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, Baba, kama watu wote wa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati ule, alichukua jina la babu yake. Kadi ya mpiga kura aliyopata kabla ya uchaguzi wa 2006, ambayo ndiyo ilikuwa kitambulisho chetu, ilikuwa na jina la babu, na ubatizo haumo. Karatasi mbili, kama za watu wawili. Mtaani nako hakuna aliyejua moja wala lingine, kwani tangu tulipozaliwa mimi na dada yangu alikuwa Baba Mapacha, basi.

Mahakamani tulipangiwa asubuhi moja ya Juni, baridi ya kiangazi imeshika hata mikono ndani ya makoti. Mashahidi wetu walikuwa shangazi na Mzee wa daftari. Shangazi alisema yake, akalia, akakaa. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini.

"Mzee, unamfahamu marehemu?"

"Namfahamu, Mama Jaji. Tulianza kazi pamoja."

"Jina lake?"

"Baba Mapacha."

Nilihisi damu ikinishuka. Jaji akatazama ombi letu, akatazama kadi, akamtazama Mzee. "Hapa sioni Baba Mapacha. Na tarehe ya kifo unaijuaje? Ni miezi minne sasa."

Mzee hakujibu. Alifungua mfuko wa plastiki alioushika tangu nyumbani, nami nilidhani kabeba chakula, akatoa daftari la shule la kurasa 96, jalada limevimba kwa maji ya mvua. Akalipeleka mbele kwa mikono miwili.

Nilisogea nikaliona kwa karibu mara ya kwanza. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari kwa rula: KILIO YA BABA MAPACHA. Chini yake tarehe, na saa: saa kumi ya usiku. Chini ya hapo, kwa mwandiko mdogo, jina la Baba lote, la ubatizo, la ukoo na la babu, yote matatu kwenye mstari mmoja, na namba yake ya kazini. Kisha safu za watu. Mama wa mandazi, falanga (pesa) na sukari. Kwaya ya parokia, unga mifuko miwili. Vijana wa kona, makala (makaa) gunia moja. Fundi baiskeli, hana kitu, amechimba kaburi.

"Jina lote uliandika kwa nini?" jaji aliuliza.

"Mama Jaji, watu wanakuja na falanga yao. Lazima niandike wamemlilia nani."

Jaji alifungua kurasa moja moja. Chumba kizima kilikuwa kimya, hata wale waliongoja kesi zao. Alilinganisha namba ya kazini na ile ya kitabu cha kazi, akamsomea karani wa mahakama mistari aliyotaka inakiliwe. Halafu akamrudishia Mzee daftari, naye kwa mikono miwili. "Litunze," akasema.

Hukumu tuliipata. Ikabidi tungoje muda wa rufaa upite, na mahakama iandike kwamba hakuna aliyeipinga. Mama hilo lilimuuma kuliko yote. Nani angesimama kupinga kwamba mume wake amekufa? Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Septemba tukarudi komini, maua ya jakaranda yameanza kufunika uwanja. Karani yuleyule alifungua kitabu, akaandika kwa kalamu ya buluu, mwaka na siku kwa maneno, si kwa tarakimu, Kifaransa kitupu. Mama hasomi Kifaransa. Lakini jina la mume wake alikuwa ameliona kwenye bahasha za mshahara miaka yote ile, akaweka kidole kwenye ukurasa, akamwambia karani: "Papa, hapa inakosekana herufi."

Kweli, herufi W ilikuwa imeachwa. Karani hakufuta, maana kitabu kile hakifutwi. Alikata neno kwa mstari mmoja, akaliandika sawasawa pembeni, na sote tukatia sahihi kwenye sahihisho. Mama akatia kidole gumba. Kisha karani akasoma yote kwa sauti, na Mama alipomwomba, akayarudia kwa Kiswahili, polepole, hadi kwenye saa kumi ya usiku.

Jioni nilivuka barabara kumpelekea Mzee nakala. Aliisogeza kwenye taa, akatafuta tarehe, akaiona. Akaingia ndani akarudi na daftari, akafungua baada ya jina la mchangaji wa mwisho, akanipa kazi ya kumsomea. Nikamsomea namba ya akti, voliyumu na folio ya kitabu cha komini, naye akaziandika, akapiga mstari kwa rula.