Konokono wa kuokota ufukweni kwenye tangi langu la maji ya bahari

Konokono wa ufukweni ataishi au hataishi kwenye tangi kutegemea alikuwa amekaa wapi maji yalipotoka. Uzuri wa ganda hauna msaada wowote. Ndilo jambo ninalomwambia kwanza kila anayeniuliza.

Mimi naokotea Kigamboni, kwenye miamba, siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kutoka kuliko kawaida. Dar es Salaam wakati wa bamvua maji hutoka sana kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo navuka na kivuko mapema, nimebeba ndoo yenye mfuniko na pampu ndogo ya hewa ya betri. Bongoyo na Mbudya siokoti kitu, zile ni hifadhi za bahari. Masika yakikolea naahirisha, kwa sababu maji ya kando hupungua chumvi na mito hushusha uchafu wa mjini.

Pale mwambani konokono wamejigawa kwa ngazi. Juu kabisa, panapokauka kwa saa nyingi, wako Nerita plicata, weupe wenye matuta ya kuzunguka ganda. Wanakula mwani vizuri, lakini wamezoea hewa, na ndani ya tangi hupanda kioo hadi nje. Vivyo hivyo Littoraria wa kwenye mashina ya mikoko. Hao waachwe huko huko. Mimi nashuka chini kwenye madimbwi yasiyokauka, nageuza mawe taratibu. Hapo nampata Nerita albicilla, bapa kidogo, na kwenye mchanga wa pembeni wapo Cerithium, warefu wenye ncha. Hao ndio ninaowataka, na nachukua wachache tu. Jiwe nalirudisha lilivyokuwa, maana viumbe vya upande wa chini jua huviua.

Kumbandua nilifundishwa na mama mmoja anayeokota kome pale. "Mwanangu, usimvute juu. Msukume pembeni kabla hajashtuka." Na kweli, ukimgusagusa kwanza hukaza mguu kwenye jiwe, na ukilazimisha unamjeruhi. Ukimsukuma kwa kidole gumba mara moja, anaachia, anaingia ndani na kujifungia kwa kile kifuniko chake kigumu. Anayefunga upesi ni mzima. Aliyelegea au anayenuka namwacha. Ukiona miguu ya kaa mdomoni mwa ganda, ujue mwenyewe alishakufa zamani.

Mama huyo huyo alinionya kuhusu wenye ganda la umbo la koni: "Huyo hashikwi, hata kwa nyuma." Ni kweli. Conus geographus na Conus textile wapo pwani yetu, wana mwiba wa sumu, na geographus ameshaua watu. Dawa ya kuiondoa sumu yake haipo. Mimi huangalia mdomo wa ganda. Ukiwa wa mviringo bila mfereji mbele, mara nyingi huyo ni mla mwani. Ukiwa na mfereji au pengo, mara nyingi ni mwindaji au mla mizoga, na atawamaliza wenzake. Cerithium ana kamfereji kadogo na bado anakula mwani, kwa hiyo mdomo unanipa dalili tu, kisha nachunguza zaidi.

Nyumbani sina haraka. Tangi langu nalishika kwenye 1.025 ya haidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji, lakini dimbwi lililopigwa na jua au mvua linaweza kuwa mbali na hapo, na konokono hana namna ya kuzuia chumvi ya mwilini isifuate ya maji. Nawaweka kwenye beseni na maji waliyotoka nayo, kisha naingiza maji ya tangi kwa mpira mwembamba niliofunga fundo, yadondoke tone moja moja hadi yawe mara tatu ya yale ya mwanzo. Huchukua saa mbili hivi. Ganda nalisugua kwa mswaki laini, halafu wanakaa wiki kadhaa kwenye chombo cha pembeni nione kama kuna minyoo au vikaa vilivyojificha. Chombo hicho hakijawahi kutiwa dawa ya samaki yenye shaba, kwa sababu shaba huwaua hata ikiwa kidogo sana.

Wakishahamia tangini, wakaribie kwa tochi usiku. Mdomo unafunguka kwenye kioo, ulimi wenye meno unatoka, unakwangua, unarudi, na nyuma yake inabaki njia safi ya kupindapinda katikati ya utando wa kijani. Naweza kuliangalia hilo saa nzima.

Utando huo huisha, na hapo ndipo wengi huwapoteza kwa njaa. Mimi nina ndoo ya maji ya bahari juani yenye mawe yanayoota mwani. La kijani naingiza, lililokwanguliwa natoa. Juu ya tangi nimeweka wavu. Cerithium akilala chali mchangani namgeuza, na nisipomwona mmoja kwa muda namtafuta, kwa kuwa aliyeoza huchafua tangi dogo upesi.

Vidoa vyeupe vigumu kwenye mawe ni mayai ya Nerita. Watoto wake huelea kwanza baharini kabla ya kutulia, na kwenye tangi langu sijawahi kuona hata mmoja akikua, kwa hiyo naviacha tu. Na konokono aliyekwisha kukaa na samaki wa dukani simrudishi baharini, hata wakizidi. Nampa mwenzangu mwenye tangi, asije akapeleka ugonjwa kule nilikomtoa.