Akamtenga na mkutano

Somo: Marko 7:31–37

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa kwenye aya moja tu, ya 33. Watu wamemletea Yesu kiziwi mwenye utasi, wanamsihi amwekee mkono. Mkutano umesimama unangoja kuona. Lakini Bwana anamtoa yule mtu pembeni, mbali na kelele na macho ya watu, anamtia vidole masikioni, anamgusa ulimi, anatazama juu mbinguni. Habari hii naisoma tangu utoto, na sikuwahi kujiuliza: kwa nini vidole? Mtu asiyesikia, utamwelezaje unachotaka kumfanyia? Yesu alimweleza kwa mikono. Alimsemesha kwa lugha aliyoweza kuielewa, kabla hata ya kutamka "Efatha", yaani "Funguka".

Naandika haya nikiwa na mzigo. Hapa Bukavu, kwetu Kadutu, kuna mama ambaye nimesali naye miaka mingi. Mwanawe, sasa ana miaka tisa, hasemi. Ukimwita jina hageuki, ingawa masikio yake ni mazima. Huchezesha vidole mbele ya macho, na korali ikianza kuimba huziba masikio na kulia mpaka atapike. Sisi tulifanya nini? Tulimweka katikati. Usiku wa mkesha tulimzunguka watu wazima zaidi ya kumi, wawili wamemshika mikono, bafle (spika) zinanguruma, tunakemea pepo wa ububu. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wawili. Kadiri tulivyopaza sauti ndivyo mtoto alivyopiga mayowe, nasi tukasema: mnaona, pepo anasumbuka. Mama akaacha kuja ibadani. Tukasema amerudi nyuma.

Mtoto huyu ana usonji, ambao wengine huuita otizimu. Ni namna ubongo wake ulivyokua, jambo linaloanza mapema sana, mara nyingi tangu tumboni. Haukuletwa na chanjo, wala malezi, wala dhambi ya babu. Kwa wengi wenye usonji, sauti ambayo kwako ni ya kawaida huingia kama msumari. Fikirini basi ule mkesha ulikuwaje kwake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabuni wenyewe tunavyojaa Jumapili, kisha mjiulize wenzetu hao wako wapi. Wengine wamefungiwa nyumbani kwa sababu ya maneno yetu.

Na hili nalisema wazi. Kumwita mtoto wa namna hii mchawi ni dhambi, na pia ni kosa la jinai: sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza jambo hilo na kuliadhibu. Baadhi ya watoto hawa wana kifafa pia. Anayemshauri mama amwage dawa za kifafa ili aonyeshe imani anauweka uhai wa mtoto hatarini.

Nilikwenda kumwomba yule mama msamaha. Nilimkuta anakaanga sambaza. Tukiwa bado tunaongea, mtoto akaja, akamshika mama yake mkono, akamvuta hadi kwenye bidoni la maji, akauweka ule mkono juu ya kifuniko. Mama akamchotea, akanywa, akaenda zake. "Huyu anasema," mama akaniambia, "ila anasema kwa mkono wangu." Nilirudi nyumbani nikafungua tena aya ya 33.

Watoto hawa hukua. Katika kanisa moja la jirani kuna ndugu wa miaka thelathini na kitu ambaye kila Jumamosi hupanga mabenchi, kwa mpangilio uleule, na hakuna anayeyapanga vizuri kama yeye. Mpangilio ukibadilika bila taarifa hufadhaika sana, kwa hiyo wamejifunza kumwambia tangu Alhamisi, na kumwonyesha. Yule mama wa Kadutu hofu yake iko huko mbele. "Siku nikifa," aliniuliza, "nani atajua kwamba mwanangu hali chakula kilichogusana?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia anifundishe mimi.

Jumapili hii wanarudi. Benchi la mwisho, karibu na mlango wa pembeni, liachwe kwa ajili yao, na bafle ya upande ule tutaizima. Msimshike kichwa mkimsalimu, wala msimlazimishe awatazame machoni. Akitaka kutoka uani, mwacheni atoke; mimi nitakuwa mlangoni. Na wamama wa jikoni, nawaomba: bugali wake muuweke kwenye sahani yake, sombe kwenye nyingine.