Msiyavuruge mabunda ya bibi

Kila aliyesikia kwamba kasha la marehemu bibi limeletwa kwangu amenishauri nizipange karatasi zake kwa miaka. Nimekataa, na nataka nieleze sababu, maana nyumba nyingi hapa Unguja zina kasha kama hilo.

Bibi alikuwa na mpango wake. Barua za kaka zake waliohamia Maskati baada ya 1970 alizifunga pamoja kwa utepe wa kanga. Katika bunda hilohilo aliweka stakabadhi za fedha walizomletea, picha za harusi ambazo hakuweza kuhudhuria, na kadi ya kliniki ya mtoto. Ukipanga kwa miaka, au kwa aina ya karatasi, kadi ile itakwenda kukaa na vyeti vya hospitali, na hatajua mtu tena kwamba fedha zile zililetwa kwa ajili ya mtoto yule. Mpangilio wake nao ni maandishi yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua bunda nalipiga picha lilivyo, kisha kila karatasi naipa namba kwa penseli laini, nyuma, pembeni. Wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili. Penseli haina neno.

Pini na vibanio vya chuma navitoa vyote, kwa hewa yetu ya bahari vinaota kutu na kutu inakula karatasi. Magazeti siyafungii kitu, yana asidi na huacha rangi ya kahawia. Na tafadhali, vyeti vya zamani msivipige laminesheni. Ule moto na ile plastiki havitoki tena.

Picha zinanipa kazi zaidi. Baadhi zina muhuri wa Capital Art Studio nyuma, studio aliyoifungua Ranchhod Oza Mji Mkongwe mwaka 1930. Ukiibandika picha kwenye albamu ya gundi umeufukia muhuri, pamoja na majina ambayo pengine yameandikwa hapo, na gundi yenyewe itaila picha polepole. Nazitia kwenye bahasha za karatasi nyeupe, moja moja, na sanduku nimeliweka juu ya kabati la chumba cha kati, mbali na ukuta unaolia maji wakati wa masika. Sakafuni ni mahali pa mchwa.

Halafu kuna kaseti. Babu zangu wale walichoka kuandika wakawa wanazungumza: upande mmoja salamu za mtaa mzima, jina kwa jina, upande wa pili shida na maagizo. Bibi akijibu vivyo hivyo. Jambo la kwanza nililofanya, hata kabla ya kutafuta redio ya kaseti, ni kuvunja vile vimeno viwili vya juu, ili mtu asije akabonyeza vibaya akarekodi juu ya sauti ya marehemu. Kisha nazungusha kila kaseti mbele na nyuma mara moja, taratibu, ndipo naicheza moja kwa moja ikiingia kwenye kompyuta kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Sikati kitu. Vikohozi, jogoo, adhana inayosikika kwa mbali katikati ya habari za mahari, vyote vinabaki, kwa sababu ndiyo nyumba yetu ilivyokuwa ikisikika.

Mafaili nayaita kwa namba ileile ya penseli, bunda kwanza, karatasi baadaye. Picha naziskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, na kuhifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Nakala za JPEG, faili nyepesi, ndizo za kugawa. Kwenye kundi la familia la WhatsApp natuma kama waraka, picha ya kawaida inapunguzwa. Nakala ni tatu: kompyuta yangu, hadidiski iliyo kwa dada yangu Chake Chake, na hifadhi ya mtandaoni. Flashi ni ya kubebea tu.

Limebaki bunda la barua za hati za Kiarabu. Ni Kiswahili chetu, lakini katika familia anayezisoma bila kukwama ni mama mkubwa peke yake. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana anasoma mbili tatu nami namrekodi, na akifika kwenye jina nasimamisha kumuuliza: huyu ni nani, mtoto wa nani, alikaa wapi. Wiki iliyopita jina moja lilitupeleka Makunduchi, kwa watu ambao hatukujua kuwa ni ndugu zetu. Nimeshapata namba yao ya simu.