Miche yangu ya pilipili ilikuwa ikiungua kingo: udongo ndio uliokuwa na nguvu kupita kiasi

Mbegu ziliota vizuri, lakini wiki ya pili majani yalikauka kingo na miche ikadumaa. Niliongeza maji, nikaihamishia kivulini, kisha nikatia mbolea. Mbolea ndiyo iliyoimaliza.

Kumbe nilikuwa nasia mbegu kwenye mchanganyiko wa mmea mkubwa. Nilianza upya kwa kufuata fomula za udongo wa kupandia ziitwazo John Innes, zilizotengenezwa Uingereza miaka ya 1930. Za mbegu: sehemu 2 za udongo tifutifu, 1 ya mboji ya kinamasi, 1 ya mchanga mkavu wa chenga, pamoja na superfosfeti (mbolea ya fosfeti) na chokaa kidogo tu. Majani halisi yalipotokea, nikapandikiza kwenye mchanganyiko wa 7:3:2 (udongo, mboji, mchanga) wenye kipimo kimoja cha mbolea. Chungu kikubwa zaidi, vipimo viwili. Mmea uliokomaa na wenye njaa, vitatu. Uwiano wa udongo haubadiliki hapo; kinachopanda ni mbolea, na chokaa pamoja nayo.

Lililoniokoa hasa ni kopo. Mwanzoni nilipima kwa mizani, na udongo uliolowa ulinidanganya kabisa, maana sehemu hizo ni za ujazo. Sasa natumia kopo lile lile kwa vyote, bila kushindilia. Udongo naupasha moto kwanza kuua vimelea, nao huchekechwa ukiwa na unyevu kidogo: ukiufumbata unashikana, ukiugusa unavunjika.

Miche ya sasa ina majani mapana, kijani hadi ukingoni.