Siku moja maishani mwangu: app inakrashi mtu akishalipa

Saa 12 asubuhi niko kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, simu inatetemeka, dada wa huduma kwa wateja ameandika kwenye grupu "jamani kuna mama mwingine kalipa mara mbili". Wa nne wiki hii. App yetu ni ya kulipia michango ya vikundi, yaani unabonyeza lipa, kidirisha cha PIN kinakuja, ukimaliza app inatoa dailogi (kidirisha cha ujumbe) ya "Malipo yamepokelewa". Sasa hiyo dailogi ndo inaua app.

Saa 2 nafika, chai na chapati mbili, nafungua logi (rekodi ya makosa ya app). Makosa ni mawili. IllegalStateException, inalalamika kwamba unaonyesha fragmenti (kipande cha skrini, dailogi yetu ni kimojawapo) wakati Android imeshahifadhi hali ya skrini, halafu BadTokenException, hiyo maana yake unabandika dailogi kwenye aktiviti (skrini ya app) ambayo imeshakufa. Mtu anazungusha simu, Android inaua aktiviti inajenga mpya, ila jibu la seva bado limeshikilia ile ya zamani, basi linagonga mlango wa nyumba iliyobomolewa. Na usiniambie nifunge skrini isizunguke, mtu akibadilisha ukubwa wa maandishi tu inajengwa upya vilevile.

Mpaka saa 4 nilikuwa nakilaumu kidirisha cha PIN. Nimejaribu mara kumi, haikrashi hata mara moja!! Maana kile kinaifunika app tu, inapozi, haijasimama kabisa, na ikipozi bado dailogi inaonyeshika. Masaa mawili yamekwenda hivyo.

Saa 5 nikamfuata yule dada, nikamwambia hebu nielezee huyo mama alifanya nini hasa. Akanijibu kama ananishangaa, "kaka si alienda kuangalia meseji ya muamala?" Aisee. Kila mtu nchi hii akilipa anakimbilia SMS kwanza, hata mimi, nani anaiamini app? Akitoka, aktiviti yetu inasimama, hali inahifadhiwa, seva inajibu pale pale, dailogi inaitwa, paah. Akirudi anakuta app imeanza upya kama hajawahi kulipa, analipa tena.

Na ndo maana bosi hakuwa na presha. Yeye anaangalia ile namba ya krashi ya Google Play, kikomo chake 1.09% ya watumiaji wa siku, lakini inahesabu krashi za app ikiwa inatumika mbele ya mtu. Zetu nyingi zinatokea mtu yuko kwenye meseji, namba iko safi kabisa.

Saa 7 wali maharage, haraka haraka.

Saa 8 mwenzangu anashauri niweke commitAllowingStateLoss, yaani onyesha tu hata kama hali imeshahifadhiwa, tukale raha. Krashi itaisha kweli, ila dailogi nayo inaweza kupotea kimyakimya, kwa hiyo yule mama atalipa mara mbili vilevile, tofauti sisi hatutaona logi. Ukicheki isStateSaved (kama hali imeshahifadhiwa) ukaruka dailogi ni yaleyale. (Kijana wa fildi naye alijaribu kuipa dailogi konteksti (mahali pa kushikamana) ya app nzima badala ya aktiviti, ikakrashi palepale, tukacheka, wote tumepita huko.)

Nilichofanya, jibu la seva haliruhusiwi tena kuita dailogi. Linaandikwa kwenye databezi ya simu kwamba muamala huu umekamilika, mtu hajaambiwa. Skrini inasoma hapo ikiwa imeamka tu, kazi hiyo inafanywa na repeatOnLifecycle kwenye STARTED (yaani skrini ikiwa inaonekana), inaonyesha dailogi, akibonyeza sawa ndo tunaandika ameambiwa. Na app ikifunguliwa upya inaiuliza seva kwanza kuhusu muamala unaosubiri kabla ya kuruhusu kitufe cha lipa.

Saa 11 testi. Nimewasha ile swichi ya kwenye setingi za madevelopa inayoua kila aktiviti ukitoka tu, nalipa, natoka kwenda meseji, narudi. Dailogi hiyo hapo inanisubiri. Nikarudia na simu ya RAM ndogo, nikazungusha, nikazima data katikati, poa.

Saa 3 usiku niko nyumbani, mama anapiga. Nilisahau kwamba zile testi nilikuwa namlipia mchango wake wa kikundi, elfu moja moja mara sita. "Mwanangu, mbona unanitumia kidogo kidogo kama unarushia kuku mtama?"